Jamaa wa Murongo anayekesha na kriketi, na daftari lililomfikisha kikaoni

Ukifika Murongo, kule mwisho wa wilaya ya Kyerwa ambako mto Kagera unaitenga Tanzania na Uganda, ulizia kibanda cha fundi simu anayependa "mpira wa magongo". Utaonyeshwa haraka sana, na anayekuonyesha atakuwa anacheka. Usihangaike kumwambia kwamba mpira wa magongo ni mchezo mwingine kabisa. Fundi mwenyewe alishasahihisha watu mpaka akachoka. Na hilo neno gongo nalo halimsaidii. Akisema "jamaa kashika gongo amesimama wima", wazee wa pale wanajibu kwamba aliyeshika gongo na bado kasimama wima, basi hajaanza kunywa.

Mchezo wenyewe ni kriketi. Yaani katika nchi ya Simba na Yanga, kwenye kijiji ambacho kibanda umiza kinajaa mpaka watoto wanachungulia kwenye matundu ya mabati siku ya Ligi ya Uingereza, kuna mwanaume mzima wa miaka thelathini na kitu anayeamka saa nane usiku kufuatilia kriketi. Tena hata haangalii. Anasoma. Video inakula bando, kwa hiyo anafungua ile kurasa inayoandika mpira mmoja baada ya mwingine: nani karusha, nani kapiga, mikimbio mingapi, nani katoka. Kila mpira anaunakili kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu. Siku mtandao wa Tanzania ukizingua, anageuza laini anakamata wa Uganda, si unajua mpakani mawimbi hayaulizi pasipoti.

Mdau, shika hilo daftari kichwani. Ndilo lililotaka kumkosesha nyumbani kwao.

Kriketi hakuikuta Kyerwa. Mwaka 2012, mwaka uleule Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe ikawa wilaya, jamaa alivuka kivuko akaenda kutafuta maisha Kampala. Akaangukia kwenye kibanda cha chapati karibu na uwanja wa kriketi wa Lugogo. Wikiendi zote alikuwa anaona watu wamevaa nyeupe wamesimama juani saa nne, saa tano, kama wanasubiri gari lililoharibika. Siku za kwanza alidhani ni ibada. Mpaka mzee mmoja mteja wake wa chapati mbili na mayai, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika hesabu za mechi, akamwita akae pembeni yake.

"Ssebo, wewe unajua kuhesabu chenji," mzee akamwambia. "Basi kriketi unaijua tayari."

Alimfundisha taratibu. Mechi fupi kila timu ina ova 20, kila ova mipira sita. Mrushaji anataka kuangusha vile vijiti, mpigaji anavilinda kwa gongo na anatafuta mikimbio. Mpira ukitoka nje ya uwanja bila kugusa chini ni sita, ukigusa chini kwanza ni nne. Wapigaji kumi wakitoka, timu imekwisha. Zaidi ya hapo, mzee akasema, kila kitu ni subira.

Na hadithi mzee alikuwa nazo. Alimsimulia timu iliyoitwa Afrika Mashariki, ambayo ilikusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ikaenda Kombe la Dunia la kwanza, Uingereza, mwaka 1975. Ilicheza mechi tatu, na New Zealand, India na wenyeji Uingereza, ikafungwa zote. Jamaa alishangaa. Miaka yote ya shule hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Tanzania iliwahi kuwa na watu kwenye Kombe la Dunia la kitu chochote.

Halafu ikaja hadithi ya Kenya. Tarehe 29 Februari 1996, mji wa Pune, India. Kenya wakatoka wote kwa mikimbio 166, watu wakajua habari imeisha, maana wapinzani walikuwa West Indies, na ndani yake yumo Brian Lara. Lara akatoka na mikimbio 8. West Indies nzima ikaishia 93. Nyota wa mechi ile alikuwa Maurice Odumbe, aliyeangusha wiketi tatu kwa mikimbio 15 tu. Miaka saba mbele, Februari 2003, Kenya hiyohiyo ikawafunga Sri Lanka pale Nairobi, Collins Obuya akaangusha wiketi tano, na timu ya Steve Tikolo ikaenda mpaka nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Durban. Ni kweli New Zealand waligoma kuja Nairobi kwa kuhofia usalama na Kenya wakapewa pointi za bure. Lakini Sri Lanka, Bangladesh na Zimbabwe waliwafunga uwanjani. Nusu fainali wakatolewa na India, Sourav Ganguly akipiga mikimbio 111 bila kutoka.

Hapo mzee alikuwa ananyamaza kidogo, halafu anamalizia na ile sehemu anayosema haipendi. Mwaka 2004, Odumbe yuleyule shujaa wa Pune alifungiwa miaka mitano kwa kupokea pesa kutoka kwa watu wa kamari. Kenya ikaanza kushuka, na mwaka 2014 ikapoteza ile hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja na wakubwa. "Timu haikuuawa na kamari peke yake," mzee alikuwa anasema. "Uongozi mbovu, fitina, pesa kutoonekana zilikokwenda. Ila ukitaka kujua nyumba inavujia wapi, angalia mlango alioingilia mchezesha kamari."

Jamaa aliisikia kama hadithi ya wengine. Hakujua ingekuja kumhusu.

Mwaka 2016 mama yake akafariki, akarudi nyumbani moja kwa moja. Akafungua kibanda cha simu Murongo centa, na jioni anapanda kilimani kwa baba yake, kwenye kibanja cha migomba na kahawa. Wasioijua Kagera waelewe kidogo hapa. Kibanja si shamba tu kama shamba la mahindi la kukodi. Ni pale ulipozaliwa, walipozikwa babu na bibi, na mibuni aliyoipanda babu bado inazaa. Anayepewa kibanja amepewa nyumba, amepewa makaburi na amepewa jina la mzee.

Kwa mila, kibanja kilikuwa kinamsubiri kaka mkubwa. Lakini kaka mkubwa aliingiwa na ugonjwa wa siku hizi, kubeti. Alianza na mia tano, akaja elfu tano, akaja simu, akaja pikipiki. Mwaka 2021 akafanya kile ambacho mzee hajawahi kukitamka bila kutema mate chini: aliweka kahawa ya nyumbani butura. Butura wanaijua wenyeji. Kahawa iko bado mtini, mbichi, wewe una shida, anakuja mtu na pesa mkononi anainunua hapohapo kwa bei ya kutupa, ikiiva inakuwa yake. Serikali inapiga marufuku kila mwaka na kila mwaka wapo wanaofanya gizani. Mzee alishtuka siku watu wasiowajua walipoingia kibanjani na magunia. Ng'ombe akauzwa kukomboa. Binti wa kaka mkubwa akakaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa sare na michango.

Kwa hiyo pale nyumbani neno "mkeka" likagawanyika. Kuna mkeka wa kuanikia kahawa na kuna mkeka wa kubetia, na mzee akisema "mikeka imenimaliza", watoto wanajua anasema upi.

Sasa weka jamaa yetu kwenye nyumba hiyo. Anaamka usiku wa manane, taa ya simu usoni, anaandika namba. Asubuhi macho mekundu. Ungekuwa wewe ndiye mzee, ungewaza nini?

Kilichokuwa kinamwamsha ni Uganda. Tarehe 26 Novemba 2023, kule Windhoek, Namibia, Uganda iliifunga Zimbabwe, nchi ambayo iko kwenye kundi la wakubwa wa kriketi duniani. Siku nne baadaye wakaifunga Rwanda, wakapata tiketi ya Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2024, Zimbabwe wakabaki nyumbani. Jamaa alitoka nje ya kibanda akapiga kelele peke yake. Mteja aliyekuwa anasubiri simu yake akadhani imelipuka.

Binti wa kaka yake ndiye pekee aliyemwelewa. Naye alikuwa na timu yake, wasichana wa Rwanda wa chini ya miaka 19. Januari 2023, kwenye Kombe la Dunia la wasichana kule Afrika Kusini, waliwafunga Zimbabwe, Henriette Ishimwe akaangusha wiketi nne kwa mipira minne mfululizo, na baada ya hapo wakawafunga hata West Indies. Baba yake mdogo alipomsomea matokeo yale, binti akauliza Kigali ni mbali? Akaonyeshwa vilima vya ng'ambo ya mto. Ukweli ni kwamba Kyerwa iko karibu na Kigali kuliko na Dar, tena mara nyingi tu. Kriketi yenyewe Rwanda imekolea baada ya 1994, kwa kiasi kikubwa na watu waliorudi kutoka nchi jirani walikokulia, na leo wana uwanja mzuri pale Gahanga uliofunguliwa 2017. "Kumbe na wao walianza juzi," binti akasema. Tangu siku hiyo akawa anajifunza kuandika hesabu za mechi, na mwandiko wake ukawa mzuri kuliko wa mwalimu wake.

Juni 2024 ikafika. Kombe la Dunia, West Indies na Marekani. Kule jioni, huku alfajiri. Na Juni Kyerwa ni msimu wa kahawa, mchana kutwa unachuma, unabeba, unaanika, unageuza. Jamaa alikuwa analala saa mbili usiku anaamka saa nane.

Mechi ya kwanza, Afghanistan. Uganda wakatoka wote kwa 58, wakafungwa kwa tofauti ya mikimbio 125. Aliandika zote.

Mechi ya pili, usiku wa kuamkia tarehe 6, Papua New Guinea, uwanja wa Providence, Guyana. Hii hata leo ukimwamsha usingizini anakusimulia. Papua wakaanza kupiga wakatoka wote kwa 77. Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, mzee kuliko wote kwenye mashindano yale, akarusha ova zake nne akaruhusu mikimbio minne tu. Ova nne, mikimbio minne, wiketi mbili! Hakuna aliyewahi kuwa bahili hivyo kwenye Kombe la Dunia la ova 20 akiwa amemaliza ova zote nne.

Basi bwana, 78 ni ndogo, si ndiyo? Uganda wakafika 26, wiketi tano zimeshaanguka. Jamaa anasema mkono ulikuwa unatetemeka mpaka kalamu inatoboa karatasi. Riazat Ali Shah akakaa. Hakutafuta sita, hakutafuta sifa. Moja, sifuri, sifuri, moja, mbili, sifuri. Mikimbio 33 kwa mipira 56, mwendo ambao kwenye kriketi za siku hizi watu wanazomea. Lakini timu ilifika 78, wiketi saba chini, mipira kumi imebaki. Uganda imeshinda mechi ya Kombe la Dunia.

Huyu jamaa ana msimamo wake kuhusu wachezaji, na watu wa mpira hawampendi kwa hilo. Anasema shabiki wengi wanampenda anayepiga sita kwa sababu sita inaonekana hata ukiwa umelewa. Yeye anampenda anayekaa. Anampenda Brian Masaba, aliyekuwa nahodha kwenye mashindano yale, ambaye timu ikidondoka uso ulikuwa unabaki uleule, na anampenda Juma Miyagi, kijana wa Naguru, mtaa wa watu wa hali ya chini palepale jirani na Lugogo, aliyefika kurusha mpira kwa mastaa wa dunia. Lakini juu ya wote anamweka Nsubuga. Mtu ameichezea nchi tangu miaka ya 1990, vijana aliowafundisha wameshastaafu, yeye bado anakimbia mazoezini, na Kombe la Dunia linamkuta na mvi. Na ile rekodi yake ilidumu siku ngapi? Kumi na mbili. Tarehe 17 mwezi huohuo Lockie Ferguson wa New Zealand akarusha ova nne bila kuruhusu hata mkimbio mmoja, wapinzani walewale, Papua. "Siku kumi na mbili," jamaa anasema, "baada ya kusubiri zaidi ya miaka ishirini. Na hakulalamika."

Baada ya hapo mambo yakawa mabaya. West Indies wakawatoa Uganda kwa mikimbio 39. Ndiyo, thelathini na tisa, timu nzima. Ikabaki New Zealand. Na hapa ndipo jamaa alipofanya ujinga.

Mzee alikuwa amempa shilingi 20,000 achangie kununua turubai jipya la kuanikia, la zamani lilikuwa limetoboka. Kibandani akakaa mteja mmoja, anabeti, anamwambia, "Fundi, wewe ndiye unayejua hiki kimchezo. Uganda leo wanatoa mara nyingi mno, ukiweka elfu ishirini unajenga." Jamaa anajua kabisa Uganda hawawezi kuwafunga New Zealand. Anajua kuliko mtu yeyote kati ya Murongo na Kayanga. Lakini ile furaha ya Guyana ilikuwa bado kichwani. Akaweka. Alfajiri ya tarehe 15, Uganda wakatoka wote kwa 40. New Zealand wakamaliza kazi kwa wiketi moja tu. Turubai likaenda.

Hakumwambia mtu. Akasema duka la Nkwenda limeishiwa maturubai.

Wiki tatu baadaye mvua isiyotarajiwa ikanyeshea kahawa. Turubai la zamani likavujisha, kahawa ikaloa, mzee na binti wakabeba vikapu gizani kuingiza stoo. Katika kuhamisha vitu, mzee akakuta daftari. Kurasa na kurasa za namba, majina ya watu wasiojulikana, mistari, jumla. Mzee hakusoma sana shule lakini kaka mkubwa alishamfundisha kwa gharama ya ng'ombe mmoja namba za aina hiyo zina maana gani.

Hakugomba. Hilo ndilo lililomtisha kila mtu. Aliita kikao cha ukoo.

Jumapili baada ya ibada wazee watano wakakaa chini ya migomba, rubisi kwenye kibuyu, kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Kaka mkubwa alikuwepo, amekaa pembeni kabisa. Mzee akaweka daftari katikati na kusema maneno machache. Kwamba alikuwa amefikiria kumwandikia kibanja huyu mdogo kwa sababu mkubwa alishaonyesha tabia yake. Kwamba sasa ameona ugonjwa ni wa nyumba nzima. Kwamba bora kibanja aandikiwe mdogo wake yeye mzee aliyeko Nyaishozi, kibaki kwenye ukoo, kuliko kuja kuona magunia ya watu wengine kwa mara ya pili.

Jamaa akaambiwa ajieleze. Akaanza kueleza kriketi. Ova, wiketi, mikimbio. Mzee mmoja akacheka, mwingine akasema, "Waitu, hata yule mwingine alituambia ni mpira." Ikawa haiendi. Mpaka mzee mkubwa kuliko wote akaona binti amesimama na sufuria ya ndizi, anataka kusema kitu na anaogopa.

"Wewe mtoto, unazijua hizi namba?"

"Nazijua, babu."

"Njoo usome. Baba yako mdogo azibe mdomo."

Wakafungua ukurasa wowote tu. Binti akasoma bila kukwama. "Hii ni Uganda na Papua New Guinea. Huyu ni Nsubuga. Ova nne. Ova mbili tupu, hakutoa mkimbio. Jumla mikimbio minne, wiketi mbili." Wakafungua kwingine, akasoma. Wakageuza nyuma, akasoma. Hamna deni, hamna jina la mtu wa kijiji, hamna shilingi.

Mzee mwenye nyumba akauliza kwa sauti ya chini, "Huyo Nsubuga ana miaka mingapi?"

"Arobaini na mitatu, Tata," jamaa akajibu. "Alianza zamani, sisi tukiwa watoto wadogo. Kombe la Dunia kalipata sasa."

"Na walishinda?"

"Hiyo walishinda. Tatu walifungwa."

"Zote nne uliamka?"

"Zote, Tata."

Wazee wakatazamana. Mtu anayeamka usiku mara nne kuangalia watu wake wakifungwa mara tatu, hata wao walikiri, haendi huko kutafuta pesa. Kikao kilikuwa kimeisha pale. Mzee mkubwa alishanyoosha mkono kuchukua kibuyu. Jamaa alikuwa ameshinda, ilibaki anyamaze tu.

Hakunyamaza. Watu waliokuwepo wanasema alikaa kama dakika nzima anaangalia chini, halafu akamgeukia kaka yake mkubwa kule pembeni, halafu baba yake.

"Tata, ile elfu ishirini ya turubai niliibetia. Mechi ya mwisho. Mara moja tu, lakini niliibetia. Kahawa imenyeshewa kwa sababu yangu."

Mwee! Mzee mmoja akasimama kabisa. Kaka mkubwa akainua uso kwa mara ya kwanza siku hiyo. Binti akaanza kulia, maana yeye ndiye aliyekuwa amemtetea.

Mzee akachukua muda. Akaokota punje ya kahawa akatafuna. Akasema, "Mwenzako aliapa kwa kaburi la mama yenu kwamba hajagusa kahawa, na magunia yako mlangoni. Wewe umesema wakati hakuna aliyekuuliza." Halafu akaongeza, "Lakini turubai langu nalitaka."

Kibanja hakikuandikwa kwa mtu siku ile. Si kwa Nyaishozi, si kwa jamaa. Mpaka leo bado ni cha mzee, na mzee mwenyewe yupo, anakula ugoro wake. Kilichobadilika ni kwamba jamaa alilipa turubai kwa kutengeneza simu wiki mbili bila kugusa hata bando, na hesabu za kahawa ya nyumbani akakabidhiwa binti. Kilo zilizochumwa kila siku, kilo zilizokauka, kilo zilizopelekwa chama cha msingi, stakabadhi namba ngapi, pesa iliyoingia lini. Anaziandika kwa mistari ileile ya kriketi. Na kaka mkubwa, ambaye miaka mitatu hakuna aliyemwachia hata debe apime, siku hizi ndiye anayemtajia binti yake kilo na binti anaandika. Wanasema hakuna anayebisha namba kati yao, kwa sababu zipo.

Daftari la kriketi lilirudishwa kwa mwenyewe. Mzee hajawahi kuuelewa mchezo, lakini asubuhi akimwona kijana ana macho mekundu anauliza, "Nsubuga wako vipi?" Kwake yeye kila mchezaji wa kriketi duniani anaitwa Nsubuga.

Mwaka 2025 jamaa alikuja kilimani mbio na simu mkononi. Vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walikuwa wamefuzu Kombe la Dunia la vijana kwa mara ya kwanza, la Januari 2026 kule Zimbabwe na Namibia. Si Uganda, si Kenya, si Rwanda. Tanzania. Baadaye wakapangwa kundi moja na West Indies, Afghanistan na Afrika Kusini, yaani kundi la simba watatu.

Mzee alikuwa anageuza kahawa juu ya turubai jipya. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hao ni wetu kabisa?"

"Wetu kabisa, Tata."

"Watashinda?"

Jamaa akafikiria. "Itakuwa ngumu."

"Utaamka?"

"Safari hii si lazima. Watacheza mchana."

Mzee akaguna, akaendelea kugeuza kahawa. Kijana alipoanza kuondoka akamwita.

"Hao watoto wetu waangalie vizuri. Ila usiwawekee turubai."